Usiutupe Wembe wa Babu

Dhahabu ya Geita imelala ndani ya chuma. Miamba ya Geita Hill na Nyankanga, iliyochimbwa kwa miaka mingi, ni mawe yenye matabaka ya chuma yaliyopangana na matabaka ya jiwe gumu la jamii ya gumegume, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Wajerumani waliitambua dhahabu hiyo mwaka 1898. Mgodi wa chini ya ardhi ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mwaka 2000 mgodi wa GGM (Geita Gold Mine) ukaanza uzalishaji. Kuhusu dhahabu, kila mkazi wa mkoa huu ana la kusimulia. Kuhusu chuma tumenyamaza, ilhali chuma ndicho kilichowapa watu wa upande huu jina kabla mtu yeyote hajafikiria kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu.

Jina hilo ni Warongo. Walikuwa wayeyushaji wa chuma wa Uzinza, katika nchi ambayo leo iko Geita, Biharamulo na jirani zake. Walifanya kazi kwa ushirika wenye miiko yake na namna yake ya kumpokea mwanagenzi, na majembe yao yalivuka kwenda Usukuma, yakabadilishwa kwa mifugo, yakatolewa mahari. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt ameandika juu yao katika kitabu alichokihariri, kilichotoka mwaka 1996. Schmidt huyo huyo, akiwa na mtaalamu wa metali Donald Avery, alichapisha mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba watu wa magharibi mwa Ziwa Victoria, upande wa Kagera, walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, yaani feleji, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Kwa maelezo yao, hewa ya mivukuto ilipashwa joto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kuufikia mkaa, na moto ukapanda kupita ule wa tanuru la kawaida. Baadaye lilikuja jembe la kiwandani, la bei rahisi, na tanuru la mhunzi likazimika.

Nimewatanguliza wahunzi hao kwa sababu makala haya yanahusu kipande kidogo cha feleji ambacho tunakiuza kwa kilo bila kukitazama: wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, wenye bapa linalolala ndani ya mpini. Nasema tangu mwanzo kwamba wembe huo unaweza kufufuliwa, kwamba vifaa vya kuufufulia vinapatikana kwenye maduka yetu ya kawaida, na kwamba watu wanaoishi kwa nyundo na moili, ile patasi ya chuma ya wachimbaji, wana mikono inayofaa kuifanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni subira, pamoja na mtu wa kuwaambia mafundi wetu kwamba hapa grenda haitakiwi.

Nyembe hizi bado zipo. Zimo ndani ya masanduku ya bati ya marehemu, chini ya kanzu na kadi ya TANU. Ziko minadani, juu ya turubai la muuza vitu vikuukuu, katikati ya vitasa visivyo na funguo na pasi za mkaa. Ziko kwa wanunuzi wa chuma chakavu, zikisubiri kupimwa pamoja na springi za magari na mabati yaliyotoboka. Wangu niliupata kwa mnunuzi wa namna hiyo mjini Geita. Ulikuwa umeganda kwa kutu, haukunjuki, na upande mmoja wa mpini ulikuwa umepasuka. Bei yake haikufika ya chupa mbili za soda.

Kabla ya kuusugua, usome. Pale shingoni, kati ya bapa na mkia, kiwanda hugonga muhuri wake, na muhuri huo ndio cheti cha kuzaliwa cha wembe. Miji miwili inatawala: Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Heshima ya feleji ya Sheffield inaanzia miaka ya 1740, wakati fundi saa Benjamin Huntsman alipofanikiwa kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo hadi ikawa ya aina moja kutoka upande hadi upande. Solingen ni mji wa visu tangu zama za panga za vita, na tangu mwaka 1938 jina lake linalindwa na sheria ya Ujerumani, hata kisu kisichotengenezwa eneo hilo hakiruhusiwi kulibeba. Ukiona neno “England” au “Germany” limegongwa chini ya jina la kiwanda, yaelekea wembe ni wa baada ya mwaka 1891, kwani sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vikafuata. Wangu unasema Solingen na Germany. Nchi hii imetawaliwa na wenye Solingen, kisha na wenye Sheffield, na si ajabu nyembe za pande zote mbili kukutana katika sanduku moja la chuma chakavu.

Kilichouondoa wembe huu sokoni ni haraka, maana kwa makali haukuwahi kushindwa. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza kishikio chake chenye wembe mwembamba wa kutupa mwaka 1903, na mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 tu. Mwaka 1918 serikali ya Marekani ilinunua vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake, na kizazi kizima cha wanaume kikajifunza kunyoa bila kujua kunoa. Hapo ndipo ujuzi ulipokatika. Babu aliyebaki na wembe wa kukunja alibaki pia na jiwe na mkanda wa ngozi. Mjukuu alirithi wembe peke yake, akaujaribu ukiwa butu, ukamchuna, akautupa sandukuni. Nyembe nyingi tunazoziita mbovu hazina ubovu wowote. Zinahitaji kunolewa tu.

Sasa nije kwenye grenda, maana hapa ndipo nyembe zinapouawa.

Feleji ya wembe ina kaboni inayokaribia asilimia moja. Fundi wa kiwandani aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaizamisha ghafla ikawa ngumu na yenye kuvunjika kama kioo, kisha akaipasha tena kwa joto dogo, lisilozidi sana nyuzi 200, ili ipunguze ukali wa tabia bila kupoteza ugumu. Ugumu wote wa wembe umehifadhiwa katika hatua hiyo ya mwisho. Ukiupeleka kwenye jiwe la mashine linalozunguka kwa kasi, makali yaliyo membamba kuliko karatasi hupanda joto kwa kufumba na kufumbua. Rangi ya majani makavu ikitokea, umeshavuka mpaka. Rangi ya bluu ikitokea, karibu nyuzi 300, feleji imelegea na haitashika makali tena hata uinoe mwaka mzima. Mhunzi anayechonga moili za wachimbaji anazifahamu rangi hizo vizuri, kwa sababu moili iliyopikwa vibaya hurudi kwake imepinda ncha au imevunjika siku hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba moili anaweza kuitia tena motoni na kuianza upya. Wembe mwembamba hauna nafasi hiyo. Kwa hiyo grenda, tupa na jiwe la simenti vikae mbali.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi, na ni hatua ya kuamua kama utaendelea au utaacha. Shika wembe juani na upitishe macho kwenye makali kutoka kidole gumba hadi ncha. Ufa, hata mdogo kama unywele, ni hukumu ya kifo: wembe wenye ufa haunyoi uso wa mtu. Kutu iliyo mgongoni au katikati ya bapa ni ya sura tu na haidhuru. Kutu iliyokula vishimo kwenye makali yenyewe ni jambo zito, kwa kuwa kila kishimo kitakuwa pengo wembe ukinolewa. Pengo lisilozidi milimita moja linaondoka kwa saa kadhaa za kunoa. Likizidi hapo, tafuta wembe mwingine. Kisha ulaze kwenye kipande cha kioo na utazame kama umepinda. Tazama pia mgongo. Wembe ulionolewa sana na mtu asiyejali huwa na mgongo uliolika upande mmoja, na makali yake hubonyea katikati. Huo nao mwachie mwenzako.

Ukifaulu mtihani huo, kazi ya kusafisha inaanza. Funika makali kwa selotepu nene au utepe wa karatasi wenye gundi ili usijikate na usiyaharibu. Dondoshea mafuta ya cherehani kwenye maungio ya pini na uache usiku mzima. Usilazimishe bapa kufunguka, maana mpini mkavu hupasuka. Kutu ya juu huondolewa kwa stiliwaya laini na mafuta hayo hayo. Baada ya hapo unahitaji msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Anza na namba 400 kama kutu ni kali, au 800 kama ni ya wastani, kisha panda hadi 2000. Zungushia msasa kipande cha mbao laini na usugue kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kamwe usivute kidole sambamba na makali. Dawa ya Brasso itamalizia kung'arisha.

Nina ushauri kuhusu mng'aro, na najua si wote watakaokubaliana nami. Usiutafute kupita kiasi. Mafundi wengi wakishika kitu cha zamani hutaka king'ae kama kimetoka dukani jana, na katika kufanya hivyo hufuta muhuri wa kiwanda na kuila feleji ambayo haitarudi. Madoa meusi yaliyobaki baada ya kutu nyekundu kuondoka hayaumi mtu na wala hayaendelei kula. Yaache. Wembe wa miaka 80 una haki ya kuonekana wa miaka 80. Na ndimu, siki au asidi ya betri visikaribie kabisa, kwani vinatafuna chuma kizima pamoja na kutu.

Mpini ndio sehemu ambayo Kanda ya Ziwa imejaliwa kuliko hata Sheffield. Mipini ya bei nafuu ya zamani ilitengenezwa kwa pembe za ng'ombe zilizolainishwa kwa joto na kukandamizwa ndani ya kalibu. Sisi tunaishi katikati ya ng'ombe, na machinjioni pembe hutupwa. Chukua pembe iliyokauka vizuri, kata kipande kilichonyooka, kichemshe hadi kilegee, kisha kibane kati ya mbao mbili kwa jiriwa mpaka kipoe. Kitatoka kikiwa bapa. Kichonge kwa msumeno mdogo na tupa, ukimalizie kwa msasa na mafuta. Harufu yake haipendezi, kwa hiyo fanya kazi hiyo nje, na vaa barakoa, maana vumbi la pembe si la kuvuta kifuani. Asiyependa pembe ana mninga, mti wa misitu yetu ya miombo, usiocheza sana na unyevu na ambao rangi yake inazidi kupendeza kadiri unavyoshikwa. Pini hutengenezwa kwa waya wa shaba uliogongwa taratibu kwa nyundo ndogo, pande zote mbili, hadi kichwa kitokeze. Bapa likikunjwa linapaswa kulala katikati ya mpini bila kugusa upande wowote.

Mipini ya aina mbili inahitaji tahadhari. Ile ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyoigiza pembe au gamba la kasa, hushika moto kwa urahisi sana, na ikizeeka hutoa mvuke unaokula feleji iliyo jirani yake. Ukikuta bapa limeoza kwa kutu pale tu linapolala ndani ya mpini, huenda mhalifu ni huyo, na mpini wa aina hiyo uondolewe moja kwa moja. Mwingine ni wa pembe ya ndovu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inafanya kumiliki nyara ya serikali bila kibali kuwa kosa, na umri wa wembe si kibali. Ukishuku kwamba mpini ni wa ndovu, usiununue, usiuuze, na waulize maofisa wa wanyamapori kabla ya kufanya jambo lolote.

Tukifika kwenye kunoa, tumefika kwenye kazi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Watu hudhani siri ya kunoa wembe ni kujua kuukadiria mwinamo wake kwa jicho. Hapana. Mtengenezaji alishaliamua jambo hilo: mgongo mnene wa wembe ndio kipimo. Unaulaza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na mwinamo unajipata wenyewe, kwa kawaida nyuzi 16 au 17 kwa pande zote mbili zikijumlishwa. Kazi yako ni kutouinua mgongo hata mara moja. Unasukuma makali yakitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa kupitia mgongo, unarudi upande wa pili. Mkono usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe unatosha, ukiongeza kidogo sana mwanzoni.

Jiwe lazima liwe tambarare. Mawe ya kunolea yanayouzwa kwa wauza vifaa vya ujenzi, yale yenye pande mbili, mara nyingi yamebonyea au yana punje kubwa mno. Yanafaa visu vya jikoni. Kama huna jiwe zuri la namba 1000, usikate tamaa: chukua kioo kinene kutoka kwa fundi wa madirisha, kilowanishe, ulaze juu yake msasa wa maji wa namba 1000. Kioo ni tambarare kuliko mawe mengi ya dukani, na msasa ulioloa hukishika wenyewe. Ukiisha kupata makali ya msingi kwenye 1000, panda 2000, kisha 3000, au zaidi ukibahatika kuupata. Maji yenye tone la sabuni husaidia wembe kuteleza.

Utajuaje kama makali ya msingi yamekamilika? Chora makali yote kwa kalamu ya maka nyeusi, pitisha wembe mara mbili tatu, utazame. Wino ukibaki mahali, jiwe halijafika hapo. Wengi hukosea kwa kukimbilia namba za juu wakati wino bado upo. Namba za juu hazichongi; zinalainisha tu kile ambacho namba 1000 imekwisha kukifanya, na kama hakijafanyika, zinalainisha ubutu. Kwa wembe uliotelekezwa miaka mingi, hatua hii ya kwanza inaweza kukuchukua mchana mzima. Hata Warongo hawakuyeyusha jembe kwa nusu saa.

Baada ya jiwe unakuja mkanda. Unahitaji ngozi halisi ya ng'ombe, laini, isiyo na mikunjo, upana wa vidole vitatu au zaidi. Mkanda mpana wa suruali unafaa kama ni ngozi kweli, ila mikanda mingi ya mtumba inayouzwa kwa jina la ngozi ni plastiki iliyobandikwa karatasi. Fungia ncha moja kwenye kitasa cha mlango, vuta uwe umekaza, na hapa mwendo ni kinyume na ule wa jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau na kutanguliza makali, utaukata mkanda na kuyapinda makali kwa pamoja. Zungusha mara 30 hadi 50. Kila asubuhi ya kunyoa, kabla ya kugusa uso, unarudia zoezi hilo. Jiwe utalihitaji tena baada ya miezi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini feleji ngumu kiasi hicho inahitaji kutunzwa kila siku dhidi ya ndevu. Swali hilo lilijibiwa kwa darubini mwaka 2020, wakati Gianluca Roscioli, Cem Tasan na mwenzao wa chuo cha MIT cha Marekani walipochapisha katika Science uchunguzi wao wa jinsi unywele unavyoharibu wembe. Unywele ni laini kuliko feleji mara 50 hivi, lakini hausimami wima mbele ya makali. Hujipinda, na ukijipindia mahali ambapo feleji ina udhaifu mdogo usioonekana kwa macho, humegua kipande kidogo mno. Mapengo hayo madogo yakijumlishwa ndiyo tunayoyaita ubutu.

Waliosema ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji walijua jambo. Ndevu zikilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa hunywa maji, huvimba na kulegea, na wembe hupita bila kuvuta. Paka sabuni yenye povu zito. Vuta ngozi kwa mkono mwingine, inamisha wembe kama nyuzi 30, na ufuate ndevu zinakoelekea, usizipande kinyume. Hili la mwisho ni muhimu kwetu kuliko kwa Mjerumani aliyeutengeneza wembe. Ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa chini mno hurudi ndani ya ngozi na kuleta vile vipele vya shingoni vinavyowatesa wanaume wengi. Wembe mmoja unaopita mara moja, kwa kufuata ndevu, huacha kijisehemu cha unywele juu ya ngozi, na madaktari wa ngozi huupendelea kuliko vishikio vya nyembe tatu au tano zinazovuta na kukata chini ya ngozi. Kwa mwenye vipele sugu, ushauri wa daktari utangulie wembe wowote.

Sasa jambo ambalo sitalizunguka. Wembe huu ni wa mtu mmoja.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, jirani zetu kabisa, na tangu hapo kizazi chetu kimelelewa na ujumbe wa kutochangia vitu vyenye ncha kali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, na chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002, maana yake watu wazima wengi wanaokaa kwenye kiti cha kinyozi hawakuipata utotoni. Saluni ingelazimika kuutakasa wembe huu baada ya kila mteja, na feleji ya zamani haivumilii utakaso huo. Dawa ya klorini inaitoboa kwa kutu. Kuichemsha kila mara kunaiachia kutu, na maji ya moto huharibu mpini wa pembe. Spiriti peke yake haitoshi. Kwa hiyo kinyozi wa Nyankumbu au Katoro anayetaka kumnyoa mteja kwa mkono wa kizamani atumie kishikio chenye wembe wa kubadilishwa, autoe mpya kwenye karatasi mteja akiona, na autupe kwenye chombo chake baada ya kazi. Wembe wa kukunja uliofufuliwa ubaki nyumbani kwa mwenyewe, umefutwa ukauka, umepakwa tone la mafuta, na umewekwa mahali ambapo mtoto akiulilia hataufikia.

Kuna wanaosema kinyozi hajinyoi. Kwa wembe huu itabidi ajinyoe.

Nawageukia wanaohusika. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Geita, Kahama na Shinyanga: tenganisheni nyembe na mizani. Wembe wenye muhuri wa Sheffield au Solingen, hata ukiwa umefunikwa na kutu, unauzika kwa watu wanaoutafuta kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya kilo ya chuma. Walimu wa karakana katika vyuo vya VETA: kijana anayejifunza uchomeleaji anaweza kufundishwa kunoa kwa siku chache, na akiuweza wembe, patasi ya seremala, mkasi wa fundi cherehani na kisu cha mchinjaji havitamshinda. Hiyo ni kazi yenye wateja katika kila mji wa mkoa huu. Na Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yana nyumba ya wahunzi ambayo kijana huyo apelekwe kuiona. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mtu wa Geita hana tena foleni ya kivuko ya kumzuia.

Nawe msomaji, kama lipo sanduku la bati la mzee nyumbani, lifungue wikiendi hii. Wembe ukiwemo, usiupeleke kwa fundi mwenye grenda. Upake mafuta ya cherehani, uufunge kwenye kitambaa kikavu, na uanze kutafuta kioo kinene na msasa namba 1000.